Mvua ilikuwa rasharasha tu, mafuriko yalitoka wapi?

SWALI: Assalaam alaykum mhariri. Mie msomaji wenu wa Wete, Pemba, na jambo hili limenikaa moyoni miaka mingi. Mwisho wa 2009 nilikuwa Kilosa kule Morogoro, mume wangu akifanya kazi reli na sie tunakaa karibu na mto Mkondoa. Usiku ule hapakuwa na mvua ya kutisha, rasharasha tu, nishapika nishalaza watoto, mara nasikia watu wanapiga kelele tuta la kukinga mto limekatika, tuta limekatika! Kushusha mguu kitandani nakanyaga maji. Tulitoka na watoto na nguo za mwilini, cherehani yangu, vyeti, picha za harusi, vyote vikabaki. Wazee wa pale wakisema tangu bwawa la Kidete livunjike mji hauna kinga, wengine wanasema mabwawa ndo yanayoleta mafuriko. Lipi la kweli? Halafu mwanangu kanunua kiwanja huku kwetu, bondeni kwenye mpunga, kwa sababu bei nafuu. Nikimhadithia ya Kilosa ananambia mama, Pemba hakuna mto wa kuzamisha watu. Nimjibu nini?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, na pole sana, pole ya moyoni khasa, maana mtu akishakanyaga maji gizani na watoto wamelala chumba cha pili hilo halimtoki, na wala usione haya kwamba bado unalikumbuka.

Tuanze na hiyo rasharasha. Sie watu wa visiwani mvua tumezoea inanyesha pale pale tulipo, kwa hiyo tukitaka kujua khatari tunatazama mbingu. Mto mrefu hauko hivyo. Mkondoa unapokea maji ya Kinyasungwe yanayotoka upande wa Dodoma, huko Kongwa na Mpwapwa, milima iliyobaki mitupu, kwa hiyo mvua kubwa inanyesha huko juu nyinyi hamuioni wala hamuisikii, inateremka na bonde la reli kupitia Gulwe na Kidete, inafika Kilosa watu washalala. Na hapo haijamaliza safari, inaingia mto Wami mpaka baharini upande wa Saadani, ng'ambo ya Unguja yetu hii. Maji yaliyochukua cherehani yako mwisho wake yamemwagika kwenye mkondo wetu.

Sasa bwawa. Wazee wa Kilosa walikwambia kweli. Fikiri pipa lililo chini ya mchirizi wa bati, likiwa tupu mvua ikija linapokea, linakupa nafasi, likijaa kila tone linalokuja linapita moja kwa moja. Kidete lilikuwa pipa la Mkondoa, likavunjika na mvua za El Niño za 1997/98, kwa hiyo usiku ule wenu ilikuwa miaka zaidi ya kumi mto unateremka hauna wa kuupunguza kasi. Na kuna jambo jengine ambalo watu hawalioni kwa sababu linakwenda polepole, mchanga. Mlimani miti ikikatwa na ng'ombe wakizidi, udongo wote unakuja na maji, unajaza bwawa ikabaki nafasi ndogo, unajaza na mto wenyewe mpaka chini yake inapanda mwaka hadi mwaka, na tuta lililokuwa refu zamani linakuwa fupi bila mtu kulipunguza hata pauro moja. Ndo maana likakatika. Reli ya kati pale kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa pia, treni zikasimama miezi, mumeo atakuwa anayakumbuka hayo kuliko mimi. Hii reli mpya ya umeme ilipofika huko imechimbiwa mahandaki milimani badala ya kuifuata kingo ya mto.

Na wale wanaosema bwawa linaleta mafuriko nao nisiwaite waongo. Mwezi wa Mei 2018 bwawa la shambani huko Solai karibu na Nakuru, Kenya, lilipasuka usiku na watu zaidi ya arubaini walikufa. Bwawa la udongo likikosa njia nzuri ya kumwagia maji ya ziada, maji yakipanda mpaka yakapita juu ya tuta, udongo unachimbika unakwenda wote kwa mara moja. Lakini hapo mie silaumu bwawa, nalaumu kuliacha. Tuta linataka majani mafupi, halitaki mahindi wala njia ya ng'ombe wala mashimo ya panya, na linataka mtu wa kulitembelea kila baada ya mvua. Jambo hili linaniuma kweli, maana kulitunza ni kazi ya kila mwaka isiyopigwa picha, na watu huikumbuka wakishakuwa kwenye mahema.

Haya, mwanao. Mwambie kasema kweli nusu, Pemba hatuna Mkondoa. Lakini vilima vyetu vimebanana na mabonde mafupi, kwa hiyo maji yetu hayasafiri usiku kucha, yanateremka hapo hapo, hupati hata muda wa watu kukupigia kelele. Na pale mpunga unastawi kwa sababu gani? Kwa sababu maji yanakaa. Bei nafuu ya kiwanja inatokana na hilo hilo. Kisha sie tuna bahari, masika ikikutana na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ikajaa, yale ya bondeni hayana pa kutokea, yanarudi nyuma kutafuta nyumba za watu. Akisema atamwaga kifusi apandishe, sawa, lakini maji aliyoyafukuza yanakwenda kwa jirani.

Asiwaulize madalali, awaulize kina mama wanaolima mpunga pale, wanajua mwaka gani maji yalifika magotini na mwaka gani kiunoni. Kama pesa ishatoka basi apande ndizi na mpunga, nyumba aipandishe kidogo juu ya mteremko hata kama ni chumba kimoja. Na vyeti vyake tangu leo avitie kwenye ndoo yenye mfuniko avipandishe darini.

Wewe usigombane naye. Subiri Aprili, mvua ikishanyesha siku mbili tatu, siku ya bamvua wakati maji yamejaa, mwambie akupeleke kiwanjani kwake msimame hapo hapo anapotaka kuweka mlango.