Ukipanga mjengo mkubwa Mombasa kwa kompyuta, anza na kalenda

Vijana wanaotoka chuo wananiuliza sana watumie programu gani kupanga kazi za mjengo, Primavera au MS Project au hizi za kwenye simu, na mimi huwajibu vilevile, programu si shida sana, shida ni kalenda. Ukifungua Primavera P6 utakuta kalenda iko tayari, siku tano kwa wiki, masaa nane kwa siku, na plana wengi wanaichukua hivohivo wanaanza kupachika kazi juu yake. Sasa hiyo kalenda haiijui Mombasa hata kidogo.

Tuchukue mvua. Ratiba nyingi za kazi kubwa za huku zinatengenezwa Nairobi, na kule mwezi wa nne ndio mvua yenyewe, basi plana anapunguza siku kadhaa za Aprili anaona kamaliza. Huku kwetu mwezi wa tano ndio unaotupiga. Nishaona ratiba imeweka uchimbaji wa besimenti katikati ya Mei, imetiwa sahihi na wakubwa wote, na shimo likajaa maji wiki ya kwanza, pampu zinanguruma usiku na mchana na kwenye kompyuta laini ya kazi hiyo bado ni ya kijani, kana kwamba mambo yako sawa. Na usidhani utadai muda wa ziada kwa sababu hiyo. Mkataba wa FIDIC wa 1999, yaani mkataba wa kimataifa wa ujenzi ambao kazi nyingi kubwa zinautumia, unakupa muda kwa hali ya hewa mbaya isiyo ya kawaida, na injinia mshauri atakuuliza tu, mvua ya Mei Mombasa ina uajabu gani?

Ramadhani nayo kila mwaka huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11, kwa hivyo ukikopi kalenda ya mwaka jana umeshapotea. Saiti nyingi za hapa mafundi wa zege na maseremala wa fomuwaki, zile mbao za kumwagia zege, wamefunga, kazi nzito inaanza mapema watu wakitoka kula daku na ikifika adhuhuri huna mtu wa kubeba mbao juani. P6 inakuruhusu kuwa na kalenda nyingi na kila kazi ukaipa yake, sasa tengeneza ya Ramadhani yenye masaa mafupi uwape wa zege na wa vyuma, na mafundi wa ndani, wa umeme na plasta, wape nyingine manake wao wako kivulini. Ni kazi ya nusu saa tu kwenye laptopu na watu hawaifanyi.

Lakini penye kizaazaa hasa ni kazi za baharini, jeti, kuta za ufuoni, mabomba yanayoingia majini. Mtu wa bara anaandika siku kumi, zege chini ya mstari wa maji, anaendelea na mambo mengine. Siku kumi zipi? Hapa kwetu wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yanatoka kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, hapo ndipo unapata masaa machache ya kufanya kazi pakavu. Hiyo ni mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku chache kila upande basi. Yakiwa maji mafu hayatoki ya kutosha, unaweza kukaa wiki nzima na gengi lako limevaa gambuti linatazama maji na wewe unalipa. Kwa hivyo chukua jedwali la maji la bandari la mwaka mzima, weka alama siku za bamvua, halafu tengeneza kalenda ambayo siku hizo tu ndizo za kazi. Ukishaiweka utaona zile siku kumi zimekuwa wiki nne, tano, saa zingine zaidi, na laini nyekundu, ile ya kazi zinazoamua mradi utaisha lini, inahama kutoka kwenye jengo inakwenda kwenye ukuta wa bahari. Mteja hatapenda. Bora asipende sasa kuliko asipende wakati meli ya vifaa ishafika.

Na kwa vile nimetaja meli, kuna kasumba yetu sisi wa Mombasa, tunaona Kilindini iko hapo karibu basi lifti na jenereta vitafika chapchap. Ukaribu wa bandari unakuokolea safari ya lori tu. Kuidhinisha michoro, kiwanda kutengeneza, meli kusafiri, makaratasi ya forodha, kila kimoja kiandike kama kazi ya peke yake na kiwe na mtu wa kukijibia, usiandike neno moja tu lifti ukaweka miezi sita.

Sasa habari ya saiti kuingia kwenye kompyuta. Ukimuuliza fomeni asilimia, umekwisha.

"Mzee, slebu ya tatu imefika wapi?"

"Injinia, iko tisini."

Wiki inayofuata iko tisini na tano, na ile nyingine iko tisini na tano bado. Hadanganyi jamani, kwake yeye fomuwaki ikisimama kazi imekwisha, hayo mengine ni madogo. Mimi siku hizi siulizi asilimia. Nauliza vyuma vimefungwa kutoka gridi gani mpaka gridi gani, ile mistari ya kwenye michoro, nguzo zipi zimemwagwa, mabomba ya umeme yashalazwa au la, ananijibu kwa voisi noti saa kumi na moja jioni akingoja matatu, na mimi naweka namba. Wengine wamenunua programu za bei kubwa na tableti kwa kila fomeni, sipingi, lakini nimeona hizo tableti zikifungiwa kwenye droo ya ofisi ya saiti zisipate vumbi.

Picha ni muhimu ila angalia kitu kimoja, picha ikipita kwa WhatsApp inapoteza taarifa zake za ndani za saa na mahali. Mwambie fomeni atumie kamera inayopiga chapa tarehe na sehemu juu ya picha yenyewe, na wewe uhifadhi kwenye folda ya siku hiyo. Utaijua faida yake siku ukichelewa kwa kosa la mwingine, mfano mteja kakawia kukupa saiti. FIDIC hiyohiyo ya 1999 inataka utoe notisi ndani ya siku 28 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua, ukipitisha huna dai, hata kama haki ni yako. Na injinia hatataka maneno, atataka ratiba ilivyokuwa kabla na baada. Kwa hivyo kila mwezi hifadhi kopi mpya yenye tarehe, usiandike juu ya ile ya zamani kabisa kabisa.

Ratiba yenye laini elfu mbili ni ya wewe na mshauri. Fomeni mpe wiki tatu zinazokuja tu, karatasi moja ya A3, kwa Kiswahili, uibandike pale wanapokunywa chai.

Kama huna pesa ya P6 uliza kwanza mkataba unataka faili gani. Mkataba ukisema XER, hiyo ni ya P6, huna ujanja, tafuta leseni au mtu mwenye leseni umlipe kwa mwezi. Mkataba ukinyamaza, ProjectLibre ni ya bure na inafungua faili za MS Project, kalenda unazitengeneza mule vilevile, na kwa jengo la ghorofa kumi inatosha sana.