Muulize Fundi: Tairi la gari kwenye DragStar?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki, Yamaha DragStar 650, niliinunua ikiwa imeshatumika. Tairi la nyuma limekuwa kipara katikati, ila pembeni kashata bado zipo. Limeandikwa 170/80-15. Nimezunguka maduka ya Morogoro mjini hadi miguu imeuma, kila ninapouliza naoneshwa matairi ya bodaboda. Fundi wangu anasema nisijisumbue: tairi la gari dogo la kumi na tano lipo, bei yake nafuu na litadumu hadi nichoke mwenyewe. Ameshalileta, liko gereji kwake. Nimruhusu alifunge? Na nikibahatika kupata la pikipiki, ni lazima nibadilishe na la mbele?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwambie alirudishe alikolitoa, tena leo, kabla hajalitia tope likakataliwa dukani.

Simlaumu sana fundi wako. Bodaboda zetu karibu zote zinatumia rimu za 17 na 18, kwa hiyo muuza duka hana sababu ya kuweka la 15 la pikipiki likae miaka likisubiri mtu mmoja mwenye kruza, hizi pikipiki kubwa za kukaa chini kama yako, apite. Matairi ya gari ya 15 ndiyo yamejaa. Akili ya haraka inasema 15 ni 15.

Sasa nenda kalitazame tairi lako kwa nyuma, uchuchumae macho yawe usawa wa barabara. Tairi la pikipiki lina mgongo wa mviringo, kwa sababu pikipiki hukata kona kwa kulala. La gari ni bapa kama tofali, maana gari halilali. Ukilaza pikipiki yenye tairi la gari, unaacha ule ubapa na kupanda kwenye pembe yake, na hapo kinachogusa lami ni kidogo mno. Tena hali hiyo umeshaanza kuionja bila kujua. Tairi likiisha katikati tu huwa limejitengenezea ubapa. Nina hakika siku hizi ukiingia kona unahisi pikipiki inasita kidogo, halafu inalala ghafla kuliko ulivyotaka. Zidisha hisia hiyo mara kadhaa, ndilo tairi la gari.

La pili halionekani kwa macho. Ukingo wa tairi la gari, pale linapong'ata rimu, haukuchongwa kwa ajili ya rimu ya pikipiki hata kama zote zimeandikwa 15. Ndiyo maana mafundi hulijaza upepo kupita kiasi mpaka lilie "pwaa!" ndipo likae. Mimi huwa natoka nje ya banda wakifanya hivyo.

Nenda na namba zako kama unavyokwenda na cheti cha daktari. 170 ni upana kwa milimita. 80 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 136. 15 ni rimu kwa inchi. Baada ya hapo utakuta 77S, nayo watu huipita kama hawajaiona. 77 ni uzito: tairi moja kubeba kilo 412. S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Kruza huegemeza mzigo nyuma, na wewe ukipakia mtu na begi ni yeye yule tairi anayebeba. Ukiletewa lenye 77H, pokea, H inaruhusu mwendo mkubwa zaidi. Namba ya uzito ikishuka chini ya 77, mrudishie mwenyewe.

Kuhusu la mbele, hukuniambia DragStar yako ni Custom au Classic. Custom ina 100/90-19 mbele, tairi jembamba refu. Classic ina 130/90-16, nene. La nyuma ni lilelile kwa zote mbili, ndiyo maana watu huagiza seti wakaletewa mbele isiyo yao. Si lazima ubadilishe yote mawili ikiwa la mbele bado ni zima, ingawa mimi napenda yawe ya kampuni moja na aina moja, yaliyokusudiwa kufanya kazi pamoja. Ila lisome umri kwanza.

Umri husomwa hivi: tafuta ubavuni neno DOT, ufuate mpaka kwenye tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hili nimelilipia ada. Mwaka 2015 nilikuwa na pikipiki ya Yamaha Virago 535, nikanunua la nyuma 140/90-15 kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Lilikuwa na stika yake, zile nywele za mpira zimesimama, jeusi ti! Nikalifunga, nikapanda zangu Iringa. Mlima Kitonga ukanikuta na manyunyu, yale ya kulowesha lami bila kuiosha, na lori mbele linapanda kwa kujikokota. Kwenye kona nyuma ikaniacha. Sikuwa na mwendo, nikalala chini taratibu kama mtu aliyechoka, nikapoteza kioo kimoja na heshima mbele ya abiria wa basi zima. Nilipofika ndipo nikasoma: 3807. Tairi "jipya" la miaka minane. Nilikandamiza ukucha, ukateleza juu kama kwenye soli ya kiatu cha shule. Bado ninalo, limening'inia kwenye msumari gereji, na kila anayejifunza kwangu huanza kwa kulibonyeza.

Kwa hiyo ukiagiza, iwe Dar, Nairobi au kwa jamaa wanaoleta mizigo kutoka Dubai, omba picha ya hizo tarakimu nne kabla hujatuma hela. Picha ya kashata haina kazi. Majina ya kuulizia yenye saizi yako ni Dunlop D404, Metzeler ME 888, Michelin Commander II na Shinko 777. Shinko mara nyingi ndilo la bei ya chini, na kwa mwendo wetu silidharau hata kidogo. Shinko la mwaka jana nalichukua mbele ya Michelin la miaka saba.

Rimu yako ni ya spoki, upepo hauwezi kukaa bila tyubu. Basi hata tairi likiandikwa halihitaji tyubu, wewe weka, tena mpya, ya saizi yake. Usikubali ile ya zamani yenye viraka eti bado nzuri. Na ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki ukiwa umepasuka, ubadilishwe, la sivyo utakuwa unaziba pancha kila wiki ukisingizia misumari ya barabarani. Hakikisha mshale wa ubavuni unaelekea gurudumu linakozungukia. Gurudumu likiwa chini, mwambie afungue ngoma ya breki atazame, na apake grisi kwenye meno ya shafti. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili kwa mwaka.

Upepo, kwa psi: mbele 29, nyuma 33 ukiwa peke yako, 36 ukipakia. Upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Kipara cha katikati kinanifanya nishuku kwamba mjaza upepo wako anapima kwa kupiga teke.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimefunga matairi mapya, saizi sahihi, kwenye Honda Shadow 750 yangu. Siku hiyohiyo nimeteleza kwenye mzunguko, barabara kavu kabisa. Nimeuziwa feki?
Mama wa Shadow, Tanga

JIBU: Njema dada, pole kwa mshtuko. Huenda si feki. Tairi jipya lina uso laini unaong'aa, halijashika lami. Kilomita 160 hivi za mwanzo endesha kwa adabu, ukiongeza kulala kwenye kona kidogo kidogo mpaka ule mng'ao uishe hadi pembeni. Ila niulizie jambo moja hapo nyumbani: kuna mtu alikuoshea pikipiki akayapaka matairi mafuta ya kung'arisha? Kama yupo, sabuni na brashi, na asirudie.