Kwa Mwalimu Anayeandaa Siku ya Taaluma kwa Mara ya Kwanza

Mwalimu mwenzangu, ukikabidhiwa jukumu la kuandaa siku ya taaluma, yaani siku ya wageni kuja kuwaeleza wanafunzi kuhusu kazi zao, katika shule ya sekondari hapa Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa na kila mtu ni nani atakuwa mgeni wa heshima. Lijibu upesi, kisha uelekeze nguvu zako kwenye swali lenye uzito zaidi: je, kila mgeni ataeleza njia aliyopita? Mwanafunzi anahitaji kusikia ni masomo gani yaliyotakiwa, alama zipi, karo ilipatikanaje, na miaka mingapi ilipita kabla ya mshahara wa kwanza. Mgeni asiyeweza kueleza hayo atawachangamsha wanafunzi kwa saa moja tu.

Daktari, wakili, rubani na mhandisi hawakosekani katika orodha, nami sina ugomvi nao. Ila tafuta pia muuguzi, mpima ardhi, mtaalamu wa maabara na fundi, kwa sababu wengi wa wanafunzi wako wataishia katika kazi za namna hiyo bila mtu yeyote kuwahi kuwaeleza zinavyofanywa. Mwaka mmoja tulimwalika fundi wa mabati kutoka Kamukunji. Alikuja na sanduku la chuma kama yale ambayo wanafunzi wa bweni huyaweka chini ya vitanda vyao, akaligeuza juu chini, akaonyesha mahali bati lilipokunjwa na mahali liliposhikizwa kwa ribiti, kisha akaandika ubaoni bei ya bati, rangi na kufuli, na kuwaomba wanafunzi wamtafutie faida. Alieleza pia jinsi mauzo ya Januari, shule zinapofunguliwa, yanavyolazimika kuibeba miezi mikavu. Vijana waliozoea kusinzia katika somo la Biashara walitoa kalamu. Katika chumba cha pili, mgeni mwenye cheo kikubwa alikuwa bado anawahimiza wenzao waziamini ndoto zao.

Majuma mawili kabla ya siku yenyewe, mwandikie kila mgeni barua ya ukurasa mmoja kuhusu wanafunzi atakaokutana nao. Hili ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote, na kwa sasa lina umuhimu wa pekee, kwa kuwa Gredi ya 10 ya mtaala mpya iliyoanza Januari 2026 inasoma chini ya paa moja na wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao watafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka wa 2027. Wa Gredi ya 10 tayari wamo katika mojawapo ya mikondo mitatu, yaani Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; au Sanaa na Sayansi ya Michezo, na mgeni aliyemaliza shule zamani huenda hajui hata kwamba mikondo hiyo ipo. Kwa wale wa 8-4-4, mkumbushe kwamba C+ ndiyo alama ya chini ya kujiunga na shahada, kwamba stashahada katika vyuo vya kiufundi kwa kawaida huanzia C-, na kwamba kila kozi ina masharti yake. Atakayesomea sheria, kwa mfano, anatakiwa awe na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili, jambo ambalo huwazindua wengi wanaolichukulia Kiswahili kama somo la kujazia ratiba.

Maswali yakusanywe darasani mapema, kwenye vipande vya karatasi visivyo na majina. Mwanafunzi hathubutu kuuliza habari za mshahara, ujauzito kazini au rushwa katika kutafuta ajira huku naibu wa mwalimu mkuu ameketi safu ya mbele, lakini ataliandika swali hilo bila kusita. Yachambue, uyatume kwa mgeni, na umwombe aje na kitu kimoja cha kazi yake. Muuguzi mmoja alituletea ratiba ya zamu ya mwezi mzima, akawaacha wanafunzi wahesabu wenyewe usiku ambao hangelala nyumbani. Daktari naye aeleze miaka sita ya chuo kikuu na mwaka wa mafunzo kazini unaofuata, asiishie kwenye koti jeupe.

Kuhusu mipango ya siku yenyewe, nitasema machache. Tumia madarasa badala ya ukumbi, kwa sababu vipaza sauti huwafanya wageni wahutubu. Usimpange wa kwanza mgeni anayetoka ng'ambo ya mji, maana msongamano wa Barabara ya Mombasa haujui ratiba yako. Mrudishie fundi nauli na umfidie kidogo kwa siku yake: mwajiriwa wa ofisini analipwa hata akiwa shuleni kwako, ilhali fundi amefunga kibanda. Tena asipangwe mwisho, baada ya chakula, wakati nusu ya darasa imesinzia.

Juma linalofuata, tenga vipindi viwili. Kila mwanafunzi aandike kazi mbili zilizomvutia, masomo yanayohitajika kwa kila moja, na alama zake za sasa katika masomo hayo. Kaa na wale ambao safu hizo hazilingani, fungueni pamoja tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, mtazame masharti ya kozi, na uwaeleze mapema jinsi mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unavyoombwa. Maswali yaliyokosa majibu watumie wageni pamoja na barua ya shukrani. Wengi hujibu, na majibu yao yabandikwe kwenye ubao wa matangazo.