Mvua imeshika, watoto wako ndani: anza na mashua ya karatasi

Kwa muda mrefu, siku za mvua nilikuwa nawatengenezea wanangu maua ya karatasi. Nakata petali, nabandika, naviringisha vikonyo, nao wamekaa pembeni wakinishikia gundi. Maua yalitoka mazuri kweli. Siku moja nikamwambia binti yangu mdogo aende akamwonyeshe baba yake ua lake. Akaniangalia, akasema, "Lakini hili ni lako, Mama."

Hakuwa analalamika. Alikuwa ananirekebisha tu, na alisema kweli. Tangu siku ile nimebadilisha mambo mawili. Mikono yangu haitoki kwenye karatasi yangu mwenyewe. Na tunatengeneza vitu vyenye kazi ya kufanya: kielee, kizunguke, kiruke, kidondoke. Ua likishakauka linawekwa juu ya kabati, basi. Mashua inataka kujaribiwa, na mtoto ambaye mashua yake imezama hahitaji mtu mzima wa kumsifia wala kumkosoa. Maji yameshamwambia, naye ameshaanza kukunja nyingine.

Kwa hiyo anza na mashua. Chukua karatasi ya A4, kunja katikati upate nusu yake, weka mkunjo juu. Leta pembe mbili za juu zikutane katikati. Utapata pembetatu yenye ukanda chini. Pandisha ukanda wa mbele, geuza, pandisha na wa nyuma, kisha ncha zinazochomoza pembeni zichomeke moja chini ya nyingine. Hapo una kofia. Ingiza vidole gumba ndani ya kofia, ifungue, uibane kwa upande wa pili mpaka iwe mraba uliosimama kwa pembe. Pandisha pembe ya chini ya mbele mpaka juu, geuza, pandisha na ya nyuma. Fungua tena, bana tena. Sasa shika zile ncha mbili za juu uzivute taratibu, moja huku, moja kule. Mashua inatokea mikononi mwako, na hata leo sijachoka kuona macho ya mtoto inapotokea mara ya kwanza.

Ninaipenda pia kwa sababu ina kituo katikati ya safari. Mtoto wa miaka minne akichoka kwenye kofia, anaivaa na anaondoka akiwa na kitu kamili. (Kwa kichwa chake tumia karatasi ya gazeti, A4 inatoa kofia ya mwanasesere.) Tafuta sana kazi za namna hii. Kazi ambayo haina maana mpaka hatua ya mwisho huwavunja moyo wadogo.

Unapomwonyesha, kaa ubavuni pake, usikae mkabala naye. Mkitazamana, kulia kwako ni kushoto kwake, na atakunja kinyume bila kujua kosa liko wapi. Mkunjo ukiwa legevu, mpe kijiko aukandamize kwa mgongo wake. Ukipinda, uache upinde. Vidole vyangu bado huwasha nikiona mkunjo uliopinda, lakini sigusi.

Mashua ya kwanza italowa na kulegea baada ya muda. Hapo ndipo mazungumzo mazuri huanza. Karatasi ni nyuzinyuzi za mti zilizosokotana, na maji hupenya kwenye nafasi zilizo kati yake. Chukua kipande cha mshumaa, wasugue sehemu ya chini na ubavuni kabla ya kukunja hatua za mwisho, kisha wajaribu tena. Nta inaziba zile nafasi, na matone yanateleza. Wangu waliziweka mbili kwenye beseni, yenye nta na isiyo na nta, wakaanza kuzipakia vifungo kimoja kimoja mpaka zizame. Saa nzima ikapita. Mvua ilikwisha na hakuna aliyetazama dirishani.

Gundi nimeipunguza sana siku za mvua. Hewa ikiwa na unyevu gundi huchelewa kukauka, na karatasi yenyewe inakuwa imevuta unyevu na kulegea. Mtoto hasubiri, anashika, kinabanduka, kilio. Ukilazimika, paka kidogo kabisa na ubane kwa vibanio vya nguo. Vinginevyo chagua vitu vya kukunja na kukata tu.

Kuhusu mkasi nina jambo la kuungama. Kwa miezi mingi niliamini binti yangu mdogo hana utulivu, kwa sababu kila alichokata kilitoka kimechanika. Kumbe anatumia mkono wa kushoto na nilikuwa nimempa mkasi wa mkono wa kulia. Ukiushika mkasi huo kwa kushoto, vidole vinayasukuma makali yaachane badala ya kuyabana, karatasi inajikunja katikati yake, na ubapa wa juu unaficha mstari anaofuata. Ipo mikasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono wa kushoto. Nilipompatia, alikata mduara siku hiyohiyo. Kama mtoto wako "hajui kukata", tafadhali angalia kwanza mkono anaotumia kabla ya kumwambia aongeze umakini. Kidole gumba kiwe juu, na ageuze karatasi, asiupindishe mkasi.

Asiyeweza mkasi bado, achane kwa mikono. Gazeti huchanika kwa unyoofu upande mmoja na ovyo upande mwingine, kwa sababu nyuzi zake nyingi zimelala mwelekeo mmoja tangu kiwandani. Mwache atafute mwenyewe ni upande gani.

Mashua zikiwachosha, helikopta ni ya dakika tatu. Kata ukanda wa karatasi, upasue katikati kuanzia juu mpaka karibu nusu, kunja bawa moja mbele na jingine nyuma, kisha kunja mkia na uubane kwa kibanio cha karatasi ili uwe mzito. Asimame juu ya kiti, wewe ukiwa karibu, aiachie. Inashuka ikizunguka. Akigeuza mabawa, la mbele liende nyuma, itazunguka kinyume.

Kwa mkubwa wangu wa miaka tisa ninayo nyingine. Ukanda mrefu, usokote nusu mzunguko mara moja, unganisha ncha zake. Mwambie achore mstari katikati bila kuinua penseli: atarudi alipoanzia akiwa amepita pande zote mbili. Kisha muulize, tukikata kwenye huo mstari tutapata pete ngapi? Atasema mbili. Itatoka moja, ndefu maradufu. August Ferdinand Möbius, mwanahisabati wa Ujerumani, aliuchunguza ukanda huu mwaka 1858, na umebeba jina lake. Mwanangu aliukata, akanyamaza, akaomba karatasi nyingine. Safari hii akakata kwa umbali wa theluthi moja kutoka ukingoni, akapata pete mbili zilizoshikana, moja ndefu na moja fupi. Alizitundika shingoni mpaka wakati wa kulala.

Mashua zilizolowa msizitupe. Tunazichana vipande vidogo, tunaziloweka usiku kucha, asubuhi tunaziponda mpaka ziwe ujiuji, kisha tunautandaza juu ya kitambaa, tunaukamua na kuuacha ukauke. Inatoka karatasi nene, ya kijivu, yenye kingo za hovyohovyo, na binti yangu anaipenda kuliko ile nyeupe. Zilizopakwa nta ziwekeni kando, hizo hazipondeki vizuri.