Imamu wa kuteuliwa: wachache wana haki gani?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Niko Mafinga. Msikitini kwetu wenyeji ndio wengi. Sisi tuliokuja kwa biashara ya mbao hatufiki robo. Imamu wetu amehama, na sheikh wa wilaya ametaka tumpelekee jina amteue. Wenyeji wanasema tupige kura yaishe. Dini inasemaje?

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Kura si haramu, lakini kwenu jibu lake linajulikana kabla haijapigwa, na wachache watabaki na donge kila wanaposimama nyuma ya imamu huyo. Uongozi ni amana, na Suratun-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Kwa hiyo sifa zitangulie, majina yafuate.

Watu wa mji wa Kufa, huko Iraq, walimshitaki liwali wao, Saad bin Abi Waqqas (r.a.), hadi wakadai hata kuswali hajui. Khalifa, Sayyidna Umar (r.a.), alimwondoa, akamweka Ammar bin Yasir, akamsikiliza Saad mwenyewe, kisha akatuma watu wakaulizie Kufa msikiti hadi msikiti. Kote walimsifu. Kwenye msikiti wa ukoo wa Bani Abs tu alisimama mtu mmoja akasema Saad hagawi sawa wala hahukumu kwa uadilifu. Imo katika Bukhari. Mmoja dhidi ya mji mzima, na alipewa nafasi aseme! Na Umar alipokaribia kufa alibainisha kwamba hakumwondoa Saad kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Andikeni sifa kwanza: usomaji wa Qur'ani, fiqhi ya swala, kuishi karibu kiasi cha kuwahi Alfajiri hata kwenye baridi ya Juni. Kila upande ulete majina matatu. Kisha watu wawili wasio na upande wakae na kila upande peke yake, waulize: "Nani kati ya hawa hamuwezi kuswali nyuma yake, na kwa nini?" Jibu liandikwe. "Si wa kwetu" haihesabiwi. "Alichukua fedha za sanda hakurudisha" inahesabiwa, ila ichunguzwe na mtuhumiwa asikilizwe. Yakibaki majina mawili, mpelekeeni sheikh achague.

Jihadharini na kumtafuta mpole asiyemuudhi yeyote. Mtume (s.a.w.) alimnyima sahaba wake Abu Dharr uongozi akamwambia yeye ni dhaifu, naye alikuwa mcha Mungu asiye na mfano. Imamu dhaifu atavutwa na upande wenye sauti, na sauti iko kwa wengi.

Tena msiweke kila kitu mkononi mwa mtu mmoja. Pamoja na Ammar, Umar alimpeleka Ibn Masud kwenye hazina na Uthman bin Hunaif kwenye kupima ardhi. Imamu akiwa mwenyeji, mweka hazina atoke kwenu. Sanduku liwe na kufuli mbili, kila upande ufunguo wake, lihesabiwe baada ya Ijumaa mbele ya wote.

Baada ya hapo wakibaki wachache wasiomtaka? Imamu Ahmad bin Hanbal, mwanachuoni mkubwa wa fiqhi, amesema mmoja, wawili au watatu wakimchukia hakuna ubaya akiwaswalisha, mpaka wachukie walio wengi. Basi mswali nyuma yake, swala yenu ni sahihi.

Wallahu a'lam.