Bomba la Chongoleani: tuwasikilize Wazungu?

Umeuliza, ndugu yangu, Bunge la Ulaya lilipata wapi ubavu Septemba 2022 kulipinga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, ilhali wao ndio waliotangulia kuijaza dunia moshi. Hapo niko nawe, hata mimi nilikasirika. Ila hasira isitufumbe macho. Ni kilomita 1,443 za mafuta yanayoganda yasipopashwa moto, kisha yapakiwe kwenye meli Chongoleani, Tanga, pwani hii hii yenye Hifadhi ya Silikanti, yule samaki adimu wa kale. Yakimwagika hayaulizi pasipoti. Shemeji yangu huvua kaa mikokoni. Juzi karudi na ndoo nusu, matope hadi magotini. Ya Bunge la Ulaya hayajui. Anauliza tu: yakivuja, nani atasafisha, na kwa vifaa gani?