Ndiyo, infiniti huzidiana

Swali la wiki lilikuwa: je, kitu kisicho na mwisho kinaweza kuzidiwa ukubwa na kingine kisicho na mwisho? Jibu langu ni ndiyo, na uthibitisho wake unaingia kwenye nusu ukurasa wa daftari. Lakini nianze na mtu aliyeona kwamba jibu la namna hiyo ni kichekesho, kwa sababu hoja yake ni nzuri kuliko nyingi ninazozisikia leo.

Mwaka 1095 Imam Ghazali aliandika kuwajibu wanafalsafa waliodai kuwa ulimwengu hauna mwanzo. Aliwaletea hesabu ya falaki. Jua, kwa elimu ya zama zile, humaliza mzunguko wake kwa mwaka mmoja, sayari ya Mshtarii kwa miaka 12, sayari ya Zohali kwa miaka 30. Sasa, kama vyote vimekuwa vikizunguka tangu milele, mizunguko ya jua haina idadi na ya Zohali pia haina idadi, na papo hapo ya Zohali ni sehemu moja tu ya 30 ya ile ya jua. Mnalikubali hilo? Kisha akawachokoza zaidi: jumla ya mizunguko hiyo ni witiri (isiyogawanyika kwa mbili) au shufwa (inayogawanyika kwa mbili)? Kwake yeye ukishafika hapo umeshindwa, basi ulimwengu una mwanzo.

Galileo naye aligonga ukuta uleule mwaka 1638, safari hii kwa namba tupu. Chukua 1, 4, 9, 16 na kuendelea, yaani namba zinazotokana na kuzidisha namba kwa yenyewe. Ni chache mno ukilinganisha na namba zote, lakini kila namba ina ya kwake: 1 ina 1, 2 ina 4, 3 ina 9, haibaki hata moja bila mwenzake. Galileo akaamua kuwa "sawa", "zaidi" na "pungufu" ni habari za vitu vyenye mwisho, visivyo na mwisho tusivipime hivyo. Alikimbia, kwa maoni yangu. Thabit ibn Qurra wa Baghdad, katika karne ya 9, alikuwa jasiri zaidi: alisema wazi kwamba infiniti moja yaweza kuizidi nyingine, maana namba shufwa hazina mwisho na bado ni nusu ya namba zote.

Jibu la Thabit ni sawa na langu. Sababu yake siikubali, na hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo.

Tuna vipimo viwili vya ukubwa, na katika vitu vyenye mwisho havigombani kamwe. Cha kwanza: kizima huzidi kipande chake. Cha pili: vitu vinavyooana kimoja kwa kimoja vina idadi sawa. Cha pili tunakitumia hata bila kujua kuhesabu. Viatu vilivyojaa mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, huhitaji kuvihesabu ili ujue kuwa vya kushoto ni sawa na vya kulia (mradi hajapita mwenye mkono mrefu). Katika visivyo na mwisho, vipimo hivi viwili vinaachana. Thabit alishika cha kwanza. Ghazali na Galileo waliona mgongano, kila mmoja akatafuta mlango wake wa kutokea. Georg Cantor, mwalimu wa chuo kikuu cha Halle nchini Ujerumani, ndiye aliyeshika cha pili na kukubali hasara zake zote.

Na hasara zipo. Kwa kipimo cha kuoanisha, namba shufwa ni nyingi sawasawa na namba zote, kwani 1 inakwenda na 2, 2 na 4, 3 na 6. Mizunguko ya Zohali inalingana na ya jua. Hata sehemu zote, nusu, theluthi, robo tatu na wenzao, zinaweza kupangwa foleni moja na kupewa namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu anaweza kudhani basi kila infiniti ni sawa na nyingine, na swali lenu limekufa.

Halijafa. Mwaka 1874 Cantor alithibitisha kuwa namba halisi, yaani zote zinazoandikika kwa desimali, hazipangiki foleni, na mwaka 1891 akatoa uthibitisho mwepesi zaidi, ambao nauleta kwa mfano wangu. Tuseme kuna anayedai ameorodhesha desimali zote zilizo kati ya 0 na 1. Orodha yake inaanza 0.3333…, kisha 0.7500…, kisha 0.1415…, na kuendelea bila kuisha. Mimi natengeneza namba yangu: kwa tarakimu ya kwanza natazama tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, kwa ya pili natazama ya pili ya namba ya pili, hivyohivyo. Nikikuta 5 naandika 6, nikikuta nyingine yoyote naandika 5. Hapa napata 0.565… Namba hii haimo kwenye orodha. Si ya kwanza, inatofautiana nayo tarakimu ya kwanza. Si ya milioni, inatofautiana nayo tarakimu ya milioni. Akiiongeza kwenye orodha yake, naanza upya na kumpata tena. Basi desimali zimezizidi namba za kuhesabia, na zimezizidi kwa kipimo kilekile kilichokataa kuzitenga shufwa na namba zote. Ndiyo maana nakiamini: hakimpi ushindi mtu kirahisi.

Na ngazi haiishii hapo. Vitu 3 hutoa makundi 8 ukihesabu na kundi tupu, vitu 10 hutoa 1024. Cantor alionyesha kuwa hata mkusanyiko usio na mwisho huzidiwa daima na makundi yake, hivyo hakuna infiniti iliyo kubwa kuliko zote.

Wasomaji wa falsafa watanikumbusha Aristotle: lisilo na mwisho ni lile unaloweza kuliendeleza daima, halipo kamwe likiwa kamili mkononi. Ni msimamo wenye heshima, na mwanahisabati Kronecker wa Berlin alimpinga Cantor vikali kwa moyo wa karibu na huo. Wengine walihofia kuwa anaigawia hesabu sifa ya Mungu. Cantor, mtu wa dini, aliandikiana na wanatheolojia wa Kikatoliki kulieleza hilo: infiniti zake huongezeka, ilhali isiyoongezeka ni ya Mungu peke yake.

Je, kati ya infiniti ya namba za kuhesabia na ile ya desimali kuna nyingine ya kati? Cantor aliamini hakuna, akahangaika nalo bila kulithibitisha. Mwanamantiki Gödel alionyesha mwaka 1938 kuwa kanuni za kawaida za hisabati haziwezi kumkanusha, na mwanahisabati Paul Cohen mwaka 1963 kuwa haziwezi kumthibitisha, mradi kanuni hizo hazijipingi zenyewe. Gödel aliamini jibu lipo na kwamba kanuni zetu ndizo pungufu. Mimi nadhani hapa tumefika pahala pa kuchagua, kama Cantor alivyochagua kuoanisha, na atakayechagua kanuni mpya ndiye atakayetuambia hasara zake.